Bukuru Alipokwenda Kusomea Uchumi

Siku niliyorudisha ufunguo wa kabati la idara, Mwalimu Frola, aliyepokea vipindi vyangu, aliniuliza kama ni kweli kuna msichana wa shule yetu aliyewahi kwenda kusomea uchumi katika chuo kikuu kikubwa Uingereza, au ni hadithi tu tunayoitumia kuwaamsha watoto wanaosinzia baada ya chakula cha mchana. Nikamwambia ni kweli, ila mambo yenyewe hayakwenda kama yanavyosimuliwa kwenye mahafali. Akaniomba niyaandike, pamoja na mengine ya miaka yangu kazini. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara, walimu wenzangu, mnaijua.

Mimi ni mzaliwa wa Mabawe, Ngara, lakini kituo changu cha kwanza kilikuwa Biharamulo. Nilifika juu ya lori la mahindi, na sanduku la bati na godoro la sufi ambalo dereva alilikalia njia nzima kwa madai kwamba anaumwa mgongo. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akaniambia kwamba nyumba za walimu zimejaa, na kwamba mwalimu wa kike asiye na mume wasingemweka kwenye nyumba ya walimu vijana wa kiume. Akanipeleka mjini kwa Mzee Hamadi, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani wakafuata biashara mpaka huku. Mkewe, Bi Mwanaidi, alinipa chumba cha uani. Nilikaa humo mpaka nilipohamishwa.

Chumba kile kilinifundisha Kiswahili. Msishangae. Sisi wa huku tunazaliwa katika Kihangaza au Kisubi, Kiswahili tunakikuta shuleni, na herufi l na r zinatuchanganya mpaka uzeeni. Mwaka wa kwanza nilipewa pia vipindi vya siasa. Nikawaeleza kidato cha pili, kwa sauti ya kujiamini, kwamba viongozi wetu wanapatikana kwa kula. Hakuna aliyecheka, kwa sababu darasa zima lilisema hivyohivyo. Jioni nilipokuwa namsimulia Bi Mwanaidi somo langu, alishika ubavu. Akasema, "Mwalimu wangu, kula ni wali. Unachowapa viongozi ni kura." Tangu siku hiyo kila jioni alinisomesha maneno kumi huku akichambua mchele. Naona nilifaulu, ingawa nikikasirika mpaka leo herufi hizo hubadilishana viti.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mwalimu Ishengoma, Mhaya mrefu aliyevaa koti hata kwenye jua la Agosti. Alikuwa amefundisha uchumi kwa miaka mingi, na mwezi wa kwanza wa kidato cha tano hakufungua kitabu kabisa. Aliwatuma wanafunzi sokoni wakaulize bei ya debe la maharage kwa wauzaji watatu, kisha warudi wamweleze kwa nini bei hazilingani. Wengine walirudi wakasema muuzaji fulani ana roho mbaya. Alilipokea jibu hilo kwa heshima, akauliza kama roho yake huwa mbaya zaidi mwezi wa Novemba kuliko wa Juni. Hapo ndipo somo lilipoanza. Aliniambia, "Speciosa, usiwape neno kabla hawajakiona kitu." Somo linafundishwa kwa Kiingereza, mtoto analijibu kwa Kiingereza, lakini anayaelewa mambo kwa lugha ya sokoni na anayahuzunikia kwa lugha ya nyumbani. Mkiweza kupita katika hizo zote tatu, mmefundisha.

Vifaa vyetu vilikuwa chaki, uzi wa kuchorea grafu ubaoni, na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono. Mtihani ulipigwa chapa kwenye stensili, karatasi laini ya nta, na ukikosea ulipaka dawa nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha, ukangoja ikauke. Mashine ilipenda kuharibika wiki ya mitihani. Wino wake haukutoka vidoleni kwa siku kadhaa, hivyo kila mtu mjini alijua mitihani imekaribia kwa kuiangalia mikono yangu tu, na wanafunzi walianza kunipisha njia.

Nilihamishiwa Ngara muda mfupi kabla ya wakimbizi wa nchi jirani kuvuka mpaka. Yaliyofuata mmeyasoma. Mimi nitasema tu yalivyokuwa kwa mwalimu wa uchumi. Kambi zilipojaa, Lukole na kwingineko, nilikuwa na darasa lililoweza kuiona bei ikibadilika mbele ya macho yao. Ndizi na maharage ya kwetu vilipanda, mahindi ya msaada yakaingia sokoni kwa bei ya chini ya kushangaza, na chumba cha kupanga mjini kikawa kitu cha kuombewa. Kuni zilianza kutafutwa mbali. Wanafunzi waliokuwa wakilalamika kwamba mahitaji na ugavi ni mambo ya Ulaya waliacha kulalamika. Walimu wenzangu kadhaa waliacha chaki wakawa makarani kwenye mashirika ya misaada. Watu husema mimi nilibaki kwa sababu ya wito. Ukweli ni kwamba na mimi niliomba, sikuitwa. Wito ulikuja baadaye, nilipoona wale niliowafundisha kipindi kile hawasahau kitu.

Sasa nifike kwa mapacha.

Walikuja kidato cha tano baada ya kambi kufungwa, wote wawili mchepuo wa uchumi, jiografia na hisabati. Walitoka Mabawe, kijijini kwetu. Majina yao kila mtu wa huku anayajua, maana mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Bukuru alikuwa msichana, Butoyi mvulana. Baba yao, Mzee Leonidas, alikuwa mkulima wa kahawa na migomba. Mama yao tulimwita Mama Bukuru, na alikuwa na wengine wanne nyuma yao.

Nimefundisha watoto wengi wenye akili. Hawa walikuwa na akili za aina mbili. Bukuru alifikiri haraka, akafika kwenye jibu kabla sijamaliza swali, kisha akachoka nalo. Butoyi alifikiri mpaka mwisho. Alikuwa akija ofisini siku mbili baada ya kipindi kuniuliza jambo ambalo wengine walishalisahau. Walikaa dawati moja na waligombana kwa kunong'ona, na mara nyingi mabishano yao yalikuwa mazuri kuliko somo langu.

Siku niliyofundisha gharama mbadala, nilifuata njia ya Mwalimu Ishengoma. Niliwaambia kwamba gharama ya kitu ni thamani ya kile unachokiacha ili ukipate, wala si fedha peke yake. Ukilima maharage kwenye kipande chako, gharama yake ni mahindi ambayo hukuyalima. Butoyi alinyoosha mkono. Aliuliza, na ikiwa anayeacha ni mtu mmoja na anayepata ni mwingine, gharama inaandikwa kwa nani? Nikamwambia kwamba kitabu chetu hakijafika huko, atakutana nalo chuo kikuu. Alilipokea jibu hilo kama mtu anayepokea risiti.

Padri wa parokia yetu alikuwa amesoma ng'ambo. Ndiye aliyewaeleza mapacha kwamba kuna vyuo vikuu ambavyo watu wakitaja uchumi duniani hawavipiti, na kwamba baadhi ya vyuo hivyo husamehe ada kwa wanafunzi wachache wa nchi kama zetu. Akawasaidia kuomba. Mimi niliwaandikia barua za kuwapendekeza, nikaziandika mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika barua yoyote, hata ya posa niliyojibu. Bukuru alikubaliwa na chuo kimoja huko Uingereza, ada yote imesamehewa. Butoyi alikataliwa na chuo hicho, lakini akapata nafasi ya kusomea uchumi Dar es Salaam, pamoja na mkopo wa serikali wa sehemu tu ya gharama.

Shule ilishangilia. Mkuu wa shule aliwasimamisha mbele ya wanafunzi wote. Mimi nilishangilia pia, kisha nikarudi ofisini nikakaa, kwa sababu nilijua ada si yote. Kuna nauli ya ndege. Kuna viza, na ubalozi hautoi viza mpaka uoneshe kwamba una akiba ya kuishi. Kuna chumba kinachotaka kulipiwa kabla hujakiona, na nguo za baridi ambazo huku hazina hata jina. Kwa Butoyi kulikuwa na sehemu ya ada ambayo mkopo haukuigusa, hosteli na chakula. Mzee Leonidas alikuwa na ng'ombe wawili na msitu mdogo wa mikaratusi aliouacha marehemu baba yake. Nilijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba hivyo vingemtosha mtoto mmoja.

Aliniita nyumbani kwake Jumapili moja baada ya misa. Nilimkuta na mkewe, mapacha wenyewe, na kaka yake mkubwa, Mzee Gervas, ambaye watoto walimwita baba mkubwa na ambaye hakuna jambo la ukoo lililopita bila yeye. Waliniweka kwenye kiti chenye mto. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua, tukanywa chai. Kisha Mzee Leonidas akaeleza jambo lenyewe kwa maneno machache. Miti na ng'ombe vinampeleka mmoja. Mwingine atasubiri, na hakuna anayejua atasubiri mpaka lini, maana bei ya kahawa miaka ile ilikuwa hainyanyuki.

Mzee Gervas alisema jambo liko wazi. Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. Msichana ni mgeni katika nyumba ya baba yake, kesho ataolewa, na elimu yake itafaidiwa na wakwe. Miti ilipandwa na babu yao. Haiwezi kukatwa ikamfaidia ukoo mwingine. Tena Dar es Salaam ni karibu, mtoto akiugua mtu anaweza kupanda basi.

Mzee Leonidas alimgeukia mkewe. Mama Bukuru alijibu kwa Kihangaza, akitazama sakafu. Alisema aliwabeba pamoja na hakuna aliyemwambia wakati ule kwamba siku moja ataulizwa yupi.

Ndipo baba akanigeukia mimi. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyewafundisha hesabu ya kuchagua. Tuchagulie."

Nawaambia ninyi mlio kazini: siku hiyo itawafikia, kwa sura moja au nyingine, na hakuna semina ya kuwaandaa. Nilimjibu ukweli kama nilivyoujua. Nilisema nafasi ya Bukuru huja mara moja tu, chuo hakiwezi kumshikilia msamaha wa ada mpaka mwaka mwingine. Nafasi ya Butoyi inaweza kuombwa tena, lakini mtoto wa kijijini anayekaa nyumbani mwaka mmoja mara nyingi hukaa maisha. Nikasema somo langu linaweza kumwonesha mtu anachokipoteza kila upande, ila kuchagua ni kazi ya wazazi. Mzee Gervas alisema basi ni somo la nusu. Sikubishana naye.

Ndipo Butoyi akaingilia.

Alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba wazee wanajisumbua bure. Yeye chuo hakitaki. Amechoka na madaftari tangu kidato cha tano, ila aliona aibu kusema. Anataka biashara ya mazao. Bukuru aende.

Niliona mabega ya baba yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hata Mzee Gervas alinyamaza, maana hakuna wa kumlazimisha mtu asiyetaka. Bukuru peke yake ndiye aliyesimama.

"Unadanganya," akamwambia.

"Sidanganyi, dada. Lini uliniona nasoma kwa furaha?"

Alilisema kwa kucheka, na wazee wakacheka naye. Bukuru alitoka nje.

Mimi sikucheka. Wiki mbili kabla ya siku hiyo Butoyi alikuja ofisini kuniuliza chuo cha Dar kiko upande gani wa mji, kama ni kweli kiko kilimani, maktaba yake hufungwa saa ngapi, na kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuingia kusikiliza mihadhara ya mwaka wa tatu. Mtu aliyechoka na madaftari haulizi saa za maktaba.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika mbali na nyumba nilimwambia kwamba sikumwamini. Alitazama nyuma kuelekea nyumbani. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuomba. Ukimwambia, hataenda. Namjua." Aliponitazama niliona kijana mzima, na nikaona kwamba ameshaamua. Nilimpa ahadi yangu. Nilifikiri ningeibeba mwaka mmoja au miwili.

Miti ilikatwa, ng'ombe wakauzwa. Bukuru aliondoka na sweta tatu, moja nilimfumia mimi. Siku ya kuaga aliwashika mkono watu wote, na alipofika kwa pacha wake alimshika mkono vilevile kama wengine. Butoyi alimbebea begi mpaka kwenye basi.

Kwa Butoyi nilifanya nililoweza. Mtoto wa Mzee Hamadi kule Biharamulo alikuwa amerithi biashara ya baba yake, na alihitaji mtu wa kununua maharage na mahindi Runazi na vijiji vya jirani. Nilimpelekea Butoyi. Alikaa naye miaka miwili, akazunguka kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akajifunza kuonja unyevu wa mahindi kwa meno. Kisha akarudi Ngara akafungua ghala dogo lake mwenyewe. Aliendelea vizuri. Alikuwa mnunuzi asiyepunja, na wakulima walimpenda. Nilipopita ghalani kwake alinipa kiti, tukazungumza bei, na mara mojamoja alitaka kujua ninafundisha mada gani wiki hiyo. Nikimjibu, aliitikia kwa kichwa na kugeukia wateja.

Bukuru aliniandikia ujumbe kwa simu, kwanza mara kwa mara, baadaye kwa msimu. Alisema baridi ni kitu cha kuingia ndani ya mifupa. Alisema alipata kazi ya saa chache jikoni kwenye mgahawa wa chuo, na kwamba viazi amekula vya kutosha kwa maisha yake. Jambo lililomshangaza ni kwamba wenzake wa hukohuko nao walikopa ili wasome, na rafiki yake mmoja, binti wa mwalimu, alimwambia kwamba deni lake atalilipa mpaka mvi zitoke. Alikuwa akidhani bei ile ni bei ya wageni tu. Aliandika: "Mwalimu, huku kila mtu ana deni lake na anajua analipa kwa nani. Mimi langu silijui." Nilikaa na ujumbe huo siku nzima. Nilimjibu asome kwa bidii, jibu ambalo walimu tunalo siku zote mfukoni.

Alimaliza vizuri, akasoma na shahada ya pili, akapata kazi Nairobi na baadaye Dar es Salaam. Aliporudi nyumbani mara ya kwanza aliezeka nyumba ya wazazi upya, akachukua ada za wadogo zake wote wanne. Kisha akaenda ghalani kwa Butoyi. Alikuwa ameshaulizia kila kitu: chuo, hosteli, hata mtu wa kusimamia ghala. Alimwambia sasa ni zamu yake, aende.

Butoyi alimshukuru, akakataa. Alikuwa ameoa, mtoto wa kwanza ameshatambaa, na wakulima wana mazao yao ghalani. Hilo lilikuwa kweli. Lakini akaongeza lile la zamani, kwamba chuo hakukitaka tangu mwanzo, na kwamba yeye ni mtu wa magunia.

Bukuru alikuja kwangu kutoka huko moja kwa moja. Alikaa jikoni kwangu na viatu vyake vya mjini vikiwa na vumbi, akalia kwa hasira. Alisema, "Nikimshukuru ananiambia hakutoa kitu. Kama hakutoa kitu, mimi nimepewa na nani?" Nilikuwa na jibu, na nilikuwa na ahadi. Nilimwekea chai. Hakukuwa na siku nyingine katika kazi yangu niliyotamani sana kuwa mwalimu wa somo jingine.

Tangu hapo walitendeana wema, lakini kama wageni. Bukuru akija likizo aliwaletea watoto wa Butoyi nguo, naye Butoyi akampelekea maharage mapya. Walisemeshana mbele ya watu kama mtu na shemeji yake. Mama yao aliliona hilo na liliendelea kumuuma, ila hakujua lilianzia wapi. Mzee Gervas, kabla ya kufariki, aliwahi kuniambia kwamba Bukuru ameujengea ukoo kuliko wanaume watatu. Alilisema kama vile lilikuwa wazo lake tangu mwanzo, nikamwacha nalo.

Mwaka huu nilistaafu. Nimerudi Mabawe, nina migomba, kuku, na muda mwingi kuliko nilivyoagiza. Mwishoni mwa mwaka Bukuru alikuja kunisalimu, na haukupita muda pikipiki ya Butoyi ikaingia uani na gunia nyuma. Hawakupanga kukutana. Waliniamkia shikamoo, mmoja baada ya mwingine, nikawaitikia marahaba, nikawapa visu wote wawili wanisaidie kumenya ndizi. Nimeona kwamba watu wenye kitu mikononi husemeshana kirahisi zaidi.

Bukuru alikuwa na habari njema. Chuo kile cha Dar kilikuwa kimemwomba awe anawafundisha kipindi kimoja kwa wiki, jioni, wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikampongeza. Butoyi naye akampongeza, kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye ndizi, kama atafundishia kwenye ule ukumbi mkubwa wa kushuka ngazi, ambao ukikaa nyuma huoni ubao kwa sababu ya nguzo.

Kisu cha Bukuru kilisimama.

"Ulifika lini?" akamuuliza.

Nadhani Butoyi angeweza kucheka, kama siku ile mbele ya wazee. Nilimwona akitafuta kicheko hicho. Lakini yeye sasa ni mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, na mambo mengine mtu huchoka kuyabeba bila kuamua kuyatua. Alieleza kwamba mwaka wa tatu wa Bukuru kule Uingereza yeye alipeleka maharage Dar kwa mara ya kwanza. Wapakuaji walichelewa. Alimwachia mwenzake lori, akaoga bombani palepale sokoni, akanunua shati jipya, akapanda kilimani. Hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Aliwafuata vijana walioonekana wa rika lake, wakaingia ukumbini, akakaa nyuma ya nguzo. Ulikuwa mhadhara wa uchumi. Alikaa mpaka mwisho.

"Na ulielewa?" Bukuru aliuliza, sauti ikiwa chini.

"Nilielewa yote. Isipokuwa jambo moja hivi, nikatamani kuuliza. Lakini si ningeulizwa namba yangu ya usajili?"

Kuku walipita katikati yetu wakidonoa maganda. Mimi nilitazama ndizi yangu, maana yale hayakuwa yangu tena.

"Butoyi," Bukuru akasema, "ulitaka kwenda?"

Alifuta kisu kwenye suruali, pande zote mbili.

"Nilitaka sana," akasema. "Nilitaka kuliko kitu chochote."

Bukuru alihama kwenye kigoda chake akaenda kukaa karibu naye chini kwenye jamvi, na gauni lake la mjini. Alilia kidogo, safari hii bila hasira. Kisha akamshika mkono ule wenye utomvu wa ndizi, akamwambia asante. Asante moja tu, ila nilisikia imekaa ndani miaka mingi.

Desturi yetu mtu akishukuriwa hujibu kwamba si kitu. Butoyi alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama pacha wake.

"Karibu, dada," akasema.